Pampu ya mkono ya kujazia ATF: maoni yangu baada ya kubadilishia oili ya giaboksi nyumbani

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka asisumbuke, kama gari yako ni otomatiki na giaboksi yake haina dipstiki (kile kijiti cha kupimia oili) basi nunua hii pampu ya kujazia ATF, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki, na kama ina dipstiki hifadhi hela yako, faneli yenye mpira mrefu mwembamba inamaliza kazi vizuri tu na wenye dipstiki nitawarudia huko chini.

Ninayoizungumzia ni ile yenye tenki la plastiki la lita 8, mpini wa kupampu upo juu, imekaa kama lile bomba la kunyunyizia dawa kwenye mimea. Unamimina oili ndani, unafunga kifuniko, unapampu upepo, afu upepo ndo unaisukuma oili ipande kwenye mpira mpaka ndani ya giaboksi. Kwenye mpira kuna koki ndogo ya kufungua na kufunga, na kwenye boksi wameweka adapta za kutosha, zilizonyooka, zilizopinda kama ndoano na zenye nyuzi za kufunga kwenye matundu ya saizi tofauti. Ile ya ndoano ndo nimeitumia muda wote, zingine sijui kama nitakuja kuzigusa.

Kwa nini mtu aihitaji? Manake magari mengi ya siku hizi giaboksi imefungwa, hakuna dipstiki, na tundu la kujazia liko ubavuni, ukiinama juu ya injini unaliona kwa shida na ukilala uvunguni unalifikia kwa vidole vitatu. Faneli haipiti hapo labda uwe na mpira mrefu na subira, na zile sirinji kubwa za kuvuta na kusukuma zinabeba nusu lita kwa mpigo kwa hiyo utachomoa na kuchomeka mpaka mkono uchoke na kila ukichomoa inadondoka kidogo, sasa hicho kidogo kidogo kinavuruga hesabu, na kwenye giaboksi isiyo na dipstiki hesabu ndo kila kitu. Kumwaga oili ya giaboksi hata mtoto anaweza. Kazi ni kurudisha kiasi sahihi, kwenye joto sahihi, na hapo ndo hii pampu inapolipa.

Kabla hujagusa plagi ya kumwagia hakikisha ya kujazia inafunguka. Hili nalisisitiza kwa wote wanaoniuliza, manake ikiwa umeshamwaga ya zamani afu plagi ya juu imeganda au kichwa chake kimelika, gari haitembei tena hapo ilipo. Legeza ya juu kwanza, ikikubali endelea. Na gari iwe imekaa sawa, mbele na nyuma kwa kimo kimoja, juu ya stendi nne imara na si jeki, usiingie kabisa chini ya gari inayoshikiliwa na jeki peke yake hata kama ni ya dakika mbili.

Sasa kwenye Toyota zenye giaboksi za U660E na ndugu zake kuna kitu kinawachanganya wengi. Plagi ya chini ukiifungua kwa elenki (ule ufunguo wa pembe sita) ya milimita 6 inatoka oili kidogo tu afu inakata, watu wanadhani giaboksi imekauka au ndo imeisha. Haijaisha. Ndani ya lile tundu kuna kibomba cha plastiki kimesimama, kazi yake ni kuonyesha kimo, oili iliyozidi kimo cha kibomba ndo inayotoka. Ingiza elenki hiyo hiyo ndani zaidi, izungushe, kibomba kinatoka, hapo sasa ndo inamwagika yenyewe kwa nguvu kwa hiyo trei iwe tayari na uso uwe mbali. Wakati wa kukirudisha kaza kwa vidole viwili tu, ni plastiki ile, ukikipasua utaagiza kingine na gari ikiwa juu.

Iliyotoka ipime, na usipime ikiwa ya moto. Oili ikipata joto inatanuka, lita 3 zilizotoka zikiwa nyuzi 70 zikipoa mpaka 25 zinapungua kama mililita 100 hivi, kwa hiyo ukirudisha kwa kipimo cha moto umezidisha. Iache ipoe, imimine kwenye jagi la kupimia, andika namba.

Hapa ndo nina lalamiko langu kubwa la kwanza kuhusu pampu. Ile mistari ya lita iliyochorwa ubavuni mwa tenki si ya kuaminika, nimelinganisha na jagi, mstari wa lita 4 ulikuwa unadanganya karibu robo lita nzima. Robo lita kwenye injini unaweza usione tofauti, kwenye giaboksi ni habari nyingine, ikizidi sana gia zinazozunguka zinaanza kuichapa oili inapata povu, povu halibebi presha, ikipungua nayo pampu ya giaboksi inavuta hewa, gia zinachelewa kuingia na sahani za klachi zinateleza na kuungua. Kwa hiyo mistari ile isahau, pima kwa jagi kabla ya kumimina kwenye tenki.

Kuhusu kujaza kwenyewe inafanya kazi safi sana, sina cha kusema. Usijaze tenki mpaka juu, acha nafasi ya upepo, mimi naishia kwenye lita 6. Unapampu mpaka mpini uanze kuwa mgumu, unafungua koki, unaona oili nyekundu inapanda kwenye mpira mweupe, na kuona huko kuna faida yake manake ukiona mapovu yanapita ujue kibomba cha ndani ya tenki kimeanza kuvuta hewa, funga koki ongeza oili. Ndo maana nashauri uweke kama nusu lita zaidi ya unayohitaji, ile ya mwisho tenkini haitoki vizuri, inatema tema na upepo. Baada ya hapo pima iliyobaki tenkini na kwenye mpira, toa kwenye uliyoweka, ndo unajua hasa imeingia kiasi gani. Na kabla hujafungua kifuniko toa upepo kwanza kwa kile kivalvu cha pembeni, tenki bado lina presha hata kama umefunga koki.

Ukisharudisha kiasi kile kile kilichotoka, washa injini, kanyaga breki, pitisha gia taratibu kutoka P mpaka mwisho na kurudi, kila moja ikae sekunde chache, ili oili ijae kwenye valvu na torki konveta (ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa kutumia oili). Afu sasa joto. Toyota nyingi za aina hii kimo kinapimwa oili ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45, injini ikiwa inaunguruma, magari mengine yana kiwango chake kwa hiyo soma kitabu cha gari yako. Usikisie kwa mkono. Skana ya OBD (kile kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya gari kusoma taarifa zake) yenye kusoma joto la giaboksi inatosha, iunganishe na simu uwe unaitazama. Joto likifika fungua plagi ya chini, ikitoka mkondo mwembamba uache mpaka ugeuke matone, funga. Isipotoka kitu ina maana imepungua, ongeza kwa pampu mpaka ianze kutoka. Ukipima ikiwa na nyuzi 70 utamwaga oili ambayo giaboksi inaihitaji, ukipima ikiwa ya baridi utaacha imezidi, na hapo ndo naona tofauti ya pampu na sirinji, manake joto linapanda upesi na wewe una dakika chache tu za kufanya kazi, na pampu imeshachomekwa tayari, ni kufungua koki tu.

Mtu mwingine ataniambia mbona ukimwaga hivyo inatoka nusu tu. Kweli, torki konveta inabaki na yake, na mifereji na kipozeo pia. Chukua giaboksi yenye jumla ya lita 7.5 ambayo ukimwaga zinatoka 3, hapo umebadili asilimia 40. Ukitembea siku chache ukarudia unafika 64, ukirudia tena 78. Zimeenda lita 9 na bado si mpya yote, lakini mimi hiyo naipenda kuliko ile mashine ya kusukuma oili kwa presha kwenye giaboksi ambayo haijawahi kuguswa miaka yote, mashine haifungui sampu (lile trei la chini la giaboksi), haibadili filta, na uchafu uliokuwa umetulia unaweza kwenda kukaa kwenye valvu ndogo ndogo. Na wale wanaosema oili ya giaboksi ni ya maisha, ZF ambao ndo wanatengeneza giaboksi za magari mengi makubwa wao wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000.

Oili niliyotumia ni Toyota ATF WS halisi na sina mpango wa kujaribu nyingine kwenye giaboksi iliyoandikiwa WS. Ni nyepesi, inapanda kwenye mpira bila kung'ang'ana hata kukiwa na baridi. WS na T-IV haziingiliani ingawa zote ni za Toyota na zote ni nyekundu, T-IV ni nzito zaidi, na hii habari ya kuchukua Dexron (aina nyingine ya ATF) yoyote iliyopo eti nyekundu ni nyekundu inaniumiza sana kila nikiisikia, ile rangi wameitia tu ili ukiona tone chini ya gari ujue linatoka wapi. Honda ni DW-1, Nissan za kawaida ni Matic S, na ukiwa na CVT, yaani giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, hiyo hata si ATF, inataka oili yake kama NS-3, weka ATF humo uone mkanda unavyoteleza. Kwa sababu hiyo hiyo pampu moja iwe ya oili aina moja. Ukitaka kubadili, fungua yote, futa tenki na mpira kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, pitisha oili mpya kidogo uimwage. Na breki usiiguse nayo kabisa kabisa, oili ya madini ikiingia kwenye mfumo wa breki inavimbisha mipira yote.

Ukifungua sampu, zitazame sumaku. Uji laini wa kijivu ukiupaka kwenye vidole unateleza bila kukwaruza ni wa kawaida, ni chuma kinacholika taratibu. Vipande unavyoviona kwa macho, vyenye ncha, hivyo si vya kawaida, na hapo oili mpya haitakuponya. Gari ambayo gia tayari zinateleza na oili inanuka kuungua ipelekwe ikapimwe kwanza, tusiibebeshe pampu lawama za klachi iliyoisha.

Wenye dipstiki sasa. Nyie mnamimina kwa tundu la dipstiki hiyo hiyo, kidogo kidogo, faneli tu. Ila upimaji unatofautiana, Toyota za dipstiki unapima injini ikiwa inaunguruma, oili ikiwa ya moto nyuzi 70 hadi 80, kwenye alama ya moto. Honda nyingi ni kinyume, unapasha gari moto, unazima, unapima ndani ya sekunde 60 hadi 90 baada ya kuzima. Fundi wa Toyota akipima Honda kwa mazoea yake anapata jibu la uongo.

Turudi kwenye kasoro za pampu. Mpira ni mgumu, umetoka kwenye boksi umejikunja na unataka kubaki hivyo, nimeuloweka kwenye maji ya moto kwa nje ukalainika, ukauke vizuri kabla ya kazi. Mpira wenyewe ni mfupi pia, tenki inabidi liinuliwe juu ya kitu kama gari iko juu ya stendi ndefu. Adapta za nyuzi ni plastiki, ukizikaza kwa spana utazivunja. Ndoano haina kitu cha kuishika kwenye tundu, inataka kuchomoka presha ikiwa kubwa, mimi naifunga kwa waya laini kwenye bomba lililo karibu, si bomba la moto lakini. Mambo haya yote yanavumilika. Tenki ni imara, koki haivuji, na mpini bado uko sawa.

Ukinunua yako usiijaribu kwa maji, tone la maji ndani ya ATF ni adui wa sahani za klachi. Ijaribu ikiwa tupu, funga koki, pampu mpaka iwe ngumu, iache saa nzima afu vuta kile kivalvu cha upepo. Ikitoa pshhh ya nguvu ni nzima. Ikinyamaza, angalia ule mpira mweusi wa duara chini ya kifuniko, mara nyingi umekaa upande, uweke sawa upake oili kidogo ujaribu tena, na ikinyamaza mara ya pili irudishe ubadilishiwe kabla haijaingia oili.