Kula nje Mbeya: uzoefu wa mtu asiyepika

Mgeni akishuka Mbeya swali lake la kwanza ni wapi pana chakula kizuri. Mimi humrudishia swali: saa hizi ni saa ngapi? Maana hapa mjini chakula kinakwenda kwa zamu. Kibanda kilichokupa wali wa kunukia saa saba mchana, ukirudi saa mbili usiku utakuta masufuria yamefudikizwa na mwenyewe yuko kwake Ilemi anaangalia taarifa ya habari. Nilihamia hapa kikazi kutoka Morogoro, naishi peke yangu, na jiko langu la gesi kazi yake ni kuchemsha maji ya kuoga. Kwa hiyo haya yote nimeyalipia mwenyewe, hakuna aliyenialika.

Tuanze na supu, kwa sababu asiyeanza na supu hajaanza. Mji uko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai kipupwe kikishika unakula na jaketi mwilini. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pande za Mwanjelwa, Kabwe na Mafiati, masufuria yanakuwa yamelala motoni usiku kucha: kongoro, utumbo, mbuzi, na siku ya bahati ulimi. Chapati mbili, limao, pilipili ya kuponda, basi. Ombi langu moja, weka simu mfukoni. Baridi hii inagandisha mafuta ya ng'ombe upesi mno. Ukimaliza kujibu ujumbe wa kikundi cha ukoo unakuta utando mweupe umetanda juu ya bakuli na midomo inanata. Ndiyo maana kwenye meza ya supu Mbeya watu hawaongei sana. Na angalia supu inatoka wapi. Ikichotwa kwenye sufuria lililo motoni, kaa. Ikimiminwa kutoka kwenye hotipoti, aga kwa adabu uendelee na safari.

Kahawa ndiyo inayonikera. Mbozi, wilaya ya kahawa, iko hapo tu upande wa Tunduma, na mashamba mengine yameuzunguka mji, lakini mgahawani ukiagiza kahawa unaletewa maji ya moto na kopo la unga wa kuyeyusha. Nimeshazoea kuagiza chai ya maziwa, ambayo hainiangushi: maziwa na majani vyote vinatoka Rungwe, tangawizi wanaiponda hapohapo. Ukitaka kahawa yenyewe, yenye harufu ya kahawa, tafuta usafiri uende Utengule, upande wa Mbalizi, ambako hoteli imekaa ndani ya shamba la kahawa lenyewe. Bei yake si ya kila siku. Mimi huenda mshahara ukiwa bado wa moto, nakaa nje naangalia bonde, nakunywa taratibu.

Sasa mchana, ambapo Mbeya haina mpinzani.

Kati ya saa sita na saa nane, mama lishe wa Mwanjelwa, Sido na Soweto wanapika chakula ambacho hoteli za ghorofa hapa hazijakifikia. Sababu si siri. Mchele unapanda kutoka Kyela, ndizi na parachichi kutoka Rungwe, viazi kutoka milima ya Uporoto, na vyote vinakutana sokoni hatua chache kutoka jikoni kwa mama. Hakuna kilichokaa kwenye friji, kwa sababu friji lenyewe halipo.

Wali kwanza. Kila kibanda kitakuambia mchele wake ni wa Kyela. Mwingine haujawahi kuiona Kyela. Umetoka mabonde ya Usangu kule Mbarali, ambako mpunga unalimwa kwa wingi. Si mchele mbaya, unashibisha na haukwami, ila haunukii vile. Simama jirani mama anapofunua sufuria. Wa Kyela unakupokea kabla hujakaa. Nimewahi kumfuata mama mmoja nyuma ya maduka ya mitumba kwa kuongozwa na pua peke yake, na hadi leo ndiye mama yangu wa Jumatatu hadi Ijumaa. Sahani ya wali nyama kwake nalipa 3,000, mboga za majani na maharage vikiwemo, na kipande cha parachichi juu yake ambacho hakijawahi kuhesabiwa kwenye bili.

Maharage yanastahili aya yake. Kwa urefu huu wa mji maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayasubiri 100 ya pwani, kwa hiyo maharage yanayoiva upesi Dar hapa yanadai kuni na muda zaidi. Mama mwenye haraka anatia magadi. Utayajua tu: maganda yamevurugika, mchuzi una rangi ya udongo, na ulimini kuna ka-sabuni fulani. Mama mwenye subira anaroweka usiku, anabandika alfajiri, na saa saba yanakuja punje nzima nzima, laini ndani, mchuzi mzito bila unga. Mimi nikifika mahali pageni huanza kuomba kijiko cha maharage kabla ya kitu kingine. Aliyeyavumilia maharage hatakuharibia nyama.

Na usichelewe. Saa nane na kitu niliingia kwa mama huyohuyo, foleni hakuna, nikajua mambo yamekwisha.

"Shikamoo mama. Wali upo?"

"Marahaba baba. Wali umeisha, umebaki ugali na usipa. Nikupakulie au unanuna?"

Nilipakuliwa. Usipa ni dagaa wa Ziwa Nyasa, mwembamba, mrefu kuliko dagaa wa Mwanza, na akikaangwa vizuri na nyanya na kitunguu anabaki mkavu, anavunjika vizuri kwenye meno. Wa kwake alikuwa amekaushwa juani vizuri, hana mchanga. Huo mchanga ndio kipimo changu cha usipa. Sehemu nyingine unatafuna ufukwe. Samaki mbichi wa ziwa nao wanafika, ila si kila siku. Ukisikia kuna mbasa, kaa chini uagize kabla hujauliza bei. Huyu ni samaki anayepanda mito ya ziwa kuzaa, nyama yake tamu kweli, ila ana miba. Mle mchana kwenye mwanga, na usimle ukiwa na mtu unayetaka kumvutia.

Mbalaga sijaisema kwa makusudi, kwa sababu ukiitafuta huipati. Ndizi za Kinyakyusa zilizopikwa na nyama ya ng'ombe hadi mchuzi uwe mzito wenyewe, hizo zinapikwa zaidi majumbani na kwenye shughuli. Wapo mama lishe wanaopika siku moja moja, na njia pekee ya kujua ni kuwa mteja wa kudumu ukaambiwa jana yake: "Kesho usichelewe." Hoteli moja kubwa imeiweka kwenye menyu kama chakula cha asili. Niliagiza. Zilikuja ndizi zimechemshwa, nyama imechemshwa, kila moja kivyake, zikamwagiwa mchuzi wa nyanya kwa juu. Shilingi 15,000.

Hapohapo nizimalizie hizi hoteli kubwa. Zina viti vizuri, vyoo safi, na kama unakutana na mtu wa ofisini huna ujanja. Menyu ina kurasa nyingi. Ukitaja chakula, mhudumu anakwenda jikoni kuuliza, anarudi na pole. Ukifika chaguo la tatu unaamua kumuuliza yeye kilichopo. Siku moja kuku wangu alichukua muda mrefu hadi mgeni niliyemleta akaaga, basi lake linaondoka stendi ya Nane Nane, akaniachia na kuku wake pia. Ushauri wangu: piga simu kabla, agiza, ndipo utoke ofisini. Wakikubali kupika ukiwa njiani, chakula chao si kibaya.

Uhindini, kwenye mji wa zamani, ni kimbilio la wasiokula nguruwe, na la yeyote aliyechoka na wali nyama. Sambusa za pale asubuhi ni kavu, hazilowi mafuta. Biriani uliza siku. Si kila siku inapikwa, na ya kupasha moto haina maana.

Jioni mji unabadilika kabisa. Harufu ya kwanza ni ya chipsi, na hapa nitasema jambo litakalowaudhi watu wa Dar: chipsi zenu hazifikii zetu, na viazi ni vilevile. Kiazi cha Isongole au Igoma kinafika sokoni Mbeya kikiwa bado na udongo wa shamba. Cha kwenu kimeshindiliwa kwenye lumbesa, kimesafiri zaidi ya kilomita 800, kimekaa stoo, na kiazi kikizeeka au kikichipua utamu unapanda, kikiingia kwenye mafuta kinageuka kahawia nje na ndani kimelowa. Hapa vinatoka vya njano, vikavu, vinavunjika kwa mlio. Tatizo la chipsi za Mbeya ni mafuta. Angalia karai: mafuta yakiwa meusi kama ya gereji, hata kiazi cha Isongole hakikuokoi. Fika kati ya saa kumi na mbili na saa moja, mafuta yakiwa mapya, chipsi mayai iliwe hapohapo. Ikifungwa kwenye mfuko ukafika nayo nyumbani, umenunua uji.

Halafu kitimoto, yaani nguruwe. Sijui mji mwingine Tanzania unaoiheshimu nyama hii namna hii, na nimekula sehemu kadhaa. Utaratibu ni wa buchani: unachagua kipande kinaning'inia, kinapimwa mbele yako, unasema unavyotaka, rosti au kavu, unaongeza ndizi, unakwenda kukaa. Hapo kwenye kupima ndipo pa kuwa macho. Omba kipande chenye mafuta kiasi, maana kisicho na mafuta kikikaangwa kavu kinakuwa kamba, na simamia mizani bila aibu. Muuzaji mzuri haoni kama umemtukana. Kisha kubali kusubiri. Nyama hii lazima iive hadi ndani, wekundu usionekane kabisa, na anayekuletea baada ya dakika kumi amekuletea hatari. Ya kwangu ninayoipenda iko Soweto, meza za mbao, taa moja, kachumbari yenye pilipili ya kutoa machozi. Nusu kilo na ndizi nne inatosha watu wawili wenye akili. Vinywaji juu yako. Wazee wa meza ya pembeni wana yao.

Upungufu wa sehemu hizi ni huo huo kila mahali: maji ya kunawa. Kwenye baridi hii kunawa kwa maji ya moto ni haki ya mteja, na kuna sehemu wanakuletea jagi la maji yaliyotoka mlimani moja kwa moja, vidole vinakufa kabla hujagusa nyama. Uliza maji ya moto. Wanayo, yako jikoni, hawayaleti mpaka yaulizwe. Kulipa si shida siku hizi, kila meza ina lipa namba imebandikwa, ila mama lishe wengi bado wanapenda noti, na ukitoa ya 10,000 saa sita mchana chenji utaifuata jioni.

Unayekuja wikiendi, Jumapili ipange mapema. Mji huu una makanisa mengi na mama lishe wako nao ni waimba kwaya. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba utazunguka Mwanjelwa na njaa yako huku ukisikia mapambio kila upande, chakula hakuna isipokuwa maandazi ya jana na soda. Mimi Jumapili nakunywa supu saa moja kamili, wanaofungua kwa ajili ya madereva wa malori wa Iyunga huwa hawafungi, kisha nasubiri hadi saa nane, ibada zikitoka, kitimoto ya Soweto ikishaingia motoni. Saa tisa viti vimeisha.