Flati au raundi kwenye besi: kwangu spika ndiyo iliyoamua

Vijana wanaojifunza besi wakiniuliza wanunue nyuzi gani, huanza na aina ya muziki. "Mimi ni wa gospo, nichukue flati?" "Sisi tunapiga lingala, si raundi ndizo zenyewe?" Mimi huwauliza: bendi yenu inapigia spika gani? Wanadhani nimekwepa swali. Nimefunga nyuzi za aina zote mbili hapa Arua, Uganda, nikapiga nazo kanisani Jumapili na kwenye harusi na baa siku nyingine, na kila nilipoipenda au kuichukia seti fulani, sababu ilikuwa sanduku la spika lililosimama mbele ya watu kuliko jina la muziki.

Kwa ambaye hajawahi kuzishika: uzi wa besi una waya wa chuma katikati, halafu waya mwingine umezungushiwa juu yake. Huo wa nje ukiwa wa duara, hiyo ni raundi; pitisha ukucha utasikia krrrr. Ukiwa ni utepe bapa, hiyo ni flati, na ukucha unapita kimya. Flati ndizo kubwa kwa umri. Fender walipotoa besi yao ya Precision mwaka 1951, flati ndizo zilizokuwa nyuzi za kawaida. Raundi zilipata nguvu miaka ya 1960, pale Rotosound wa Uingereza walipotengeneza seti iliyomridhisha John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, aliyetaka besi yake ilie kama piano.

Seti nilizolinganisha zote ni za D'Addario, na nilizifunga kwenye gitaa moja, Yamaha ya nyuzi nne. Raundi zilikuwa EXL170 za chuma kilichopakwa nikeli, flati zilikuwa Chromes ECB81. Nilizichagua kwa sababu unene ni uleule: 45, 65, 80 na 100, kwa elfu ya inchi. Kwa hiyo nikisema hizi ni ngumu kuliko zile, sizungumzii uzi mnene dhidi ya mwembamba. Flati ni ngumu zaidi kwa kuwa utepe hauachi nafasi ya hewa kati ya mzunguko na mzunguko. Chuma kinakuwa kingi, uzi unakuwa mzito, na uzi mzito lazima uukaze zaidi ili ufike kwenye noti ileile. Vidole vyangu vililijua hilo kabla kichwa hakijaelewa.

Nianze na raundi. Zikiwa mpya zinang'aa vizuri sana. Kwenye sebene, ile sehemu ya lingala ya kuchezea, mpiga solo akishaanza kuchanganya na ngoma zikakimbia, besi inatakiwa iruke na kila noti isikike imekatwa kivyake, na hapo raundi mpya zinakufanya uonekane hodari kuliko ulivyo. Tatizo ni hiyo "mpya". Kuanzia Desemba hadi Februari hapa kwetu ni joto na vumbi, na unapiga tangu saa tatu usiku hadi watu wachoke wenyewe. Jasho na vumbi vinaingia kwenye mifereji ya ule waya wa duara na kukaa humo. Wiki chache tu ule mng'ao umekwisha, zimebaki nyuzi zinazolia kwa huzuni.

Ndiyo, nazichemsha. Sufuria, maji, dakika kumi, unazifuta, unaziacha zikauke kabisa kabla ya kuzirudisha, maana unyevu uliobaki ndani ni kutu. Zinaamka, lakini hazirudii upya wake, na kila zikichemshwa zinawahi kufa kuliko mara iliyopita. Pia raundi zinakula freti, vile vyuma vilivyolala shingoni mwa gitaa. Nikikagua chini ya uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote, freti zile za mwanzo ninazozitumia sana zina vijishimo. Nikeli inakula polepole. Za chuma kitupu zina njaa zaidi.

Flati sasa. Watu husema zina sauti ya wazee. Chromes mpya hazina. Zinatoka kwenye pakiti na mlio wa chuma ambao sikuutarajia, na inabidi uzipigie kwa muda ndipo zitulie. Zikishatulia, noti inakuwa nene na fupi, inaingia, inasema, inaondoka. Kidole kikihama kutoka chini kwenda juu hakuna ule mluzi wa kukwaruza.

Kanisani kwetu kuna spika za chini za inchi 18, mbili, na ukumbi una paa la mabati. Mabati hayasamehe sauti kali. Matoazi, kibodi, kinamama wa kwaya kwenye maikrofoni nne, vyote vinagonga juu na kurudi vikiwa vimechanganyika. Besi ya raundi ilikuwa inaongeza fujo huko huko juu. Nilipofunga flati, besi ilishuka ikakaa chini peke yake, mahali ambapo hakuna mwingine. Mwalimu wa kwaya, ambaye hajui nyuzi wala hataki kujua, aliniuliza baada ya ibada kama nimebadilisha gitaa.

Gitaa lilelile, nyuzi zilezile, nikaenda nalo kwenye baa. Mitambo ya pale ilikuwa spika mbili za plastiki za inchi 12 juu ya vigingi, zimeshachoka. Katikati ya wimbo wa pili mpiga solo wetu, mzee aliyekuja kwetu kutoka Ariwara ng'ambo ya mpaka, aliniinamia: "Kijana, besi yako imelala." Nikaongeza sauti. Spika ikaanza kupepea, besi bado haisikiki. Mzee akatikisa kichwa.

Maelezo ya jambo hilo ni haya, na ndiyo sababu ya kuandika yote haya. Uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ukiupiga wazi bila kuubana kwa kidole, unatikisika mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. Spika ndogo haiwezi kuitoa sauti ya chini hivyo kwa nguvu. Lakini uzi hautoi noti moja tu. Juu ya ile ya msingi kuna nyingine zinazoambatana nayo, kwenye 82, kwenye 123, na kuendelea kupanda. Spika ndogo inazitoa hizo bila shida, na sikio la binadamu lina ujanja wake: likisikia hizo za juu zimepangika, linaijaza ile ya msingi lenyewe, na wewe unaapa umesikia E. Raundi zina utajiri wa hizo sauti za juu. Flati hazina nyingi, na zikizeeka ndiyo kabisa. Ukizipeleka flati kwenye spika isiyoshuka, chini haitoki, juu hamna, sikio halina cha kujazia. Usiku ule nilichukua piki, kile kiplastiki cha kupigia nyuzi, nikapiga karibu na briji, pale nyuzi zinapoishia mwilini mwa gitaa, nikamwomba fundi wa mitambo apunguze sauti za chini kwenye mixa na apandishe midi, yaani sauti za kati. Tukamaliza shoo. Mzee hakusifu, lakini aliacha kuniangalia.

Simu nazo ni spika ndogo. Siku hizi wimbo unasambaa kwa WhatsApp kabla haujafika redioni, na nikisikiliza rekodi zetu kwenye simu, zile za flati besi inabidi niitafute. Studio, kwenye spika zenyewe, mambo yanageuka: mrekodi wetu anapenda flati kwa sababu halazimiki kufuta mikwaruzo ya vidole, na besi inashikana na ngoma ya mguu bila yeye kuhangaika.

Ndiyo maana hoja ya "muziki fulani, nyuzi fulani" hainishawishi. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, alitumia flati nene za La Bella na hakupenda kuzibadilisha hata kidogo. Sawa, huyo ni soul. Lakini Steve Harris wa Iron Maiden anapiga roki nzito kabisa, na nyuzi zake ni flati. Jaco Pastorius alikuwa mtu wa jazi, besi yake haina freti, hapo ndipo watu wangeapa ni flati. Yeye alifunga raundi za Rotosound.

Bei: flati zinakaribia mara mbili ya raundi. Inauma siku ya kununua. Lakini flati zangu bado ziko sawa huku raundi nimeshabadilisha seti kadhaa, kwa hiyo kwa anayepiga kila wiki flati ndizo nafuu, hata kama mfuko haukubali siku hiyo. Jihadhari na nyuzi za bandia. Kuna duka moja Kampala liliniuzia pakiti yenye jina kubwa, nyuzi zikaja na basi la usiku, na uzi wa A haukukubali kutyuniwa hata kwa kubembelezwa; ukiurekebisha wazi, noti ya freti ya 12 inapotea. D'Addario huweka namba ndani ya pakiti ambayo unaweza kuihakiki kwenye tovuti yao. Mwombe muuzaji akutumie picha ya mfuko wa ndani ukiwa haujafunguliwa, na ukishaupata ingiza hiyo namba kabla hujafunga chochote.

Kama fedha ya flati haipo, kata kipande cha sponji ya godoro, unene wa kidole, ukibane chini ya nyuzi karibu na briji. Raundi zilizochoka pamoja na hiyo sponji zinakupeleka karibu kabisa na flati, na ukifika kwenye baa ya spika mbovu unaichomoa. Hizi za katikati, raundi zilizosagwa juu zikawa nusu bapa, nimezijaribu kwenye gitaa la rafiki na sikuona zinanisaidia nini.

Ukihama kutoka raundi kwenda flati, shingo itavutwa mbele kwa ule mkazo mpya. Ukiona nyuzi zimepanda juu sana ya freti, chukua alenki, kaza kile chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, uache gitaa lilale hadi kesho ndipo uangalie tena. Usikaze yote kwa mkupuo. Halafu rekebisha briji upya, noti ya freti ya 12 ilingane na uzi wazi, kwa kila uzi.

Na wakati wa kufunga: kabla hujakata mkia wa flati, ukunje kwanza pembe ya digrii 90 kwenye kifunguo cha kukazia uzi, ndipo ukate mbele ya kunjo. Ukikata uzi ulionyooka, utepe unaweza kufunguka kutoka kwenye waya wa katikati na uzi wa bei hiyo umekwenda. Kama besi yako ni ile ambayo nyuzi zinapitia mgongoni mwa mwili, muulize muuzaji kwanza, flati nyingi hazipendi kona kali ile. Pima pia kutoka kwenye kitundu cha briji hadi kwenye kifunguo cha mbali. Besi ya kawaida ya inchi 34, yaani urefu wa uzi unaotikisika, inataka seti ndefu, na zile ndogo za inchi 30 zina seti zake.

Kwa sasa Yamaha ina raundi, kwa kuwa msimu huu harusi ni nyingi na spika za harusi mnazijua. Flati nimezikunja kwenye bahasha, zinasubiri kanisa linunue besi yake.