Warsha ya siku tatu mjini Moshi: utafiti unaomhesabu na mtafiti

Mwezi uliopita nilihudhuria warsha ya siku tatu mjini Moshi kuhusu mbinu za utafiti zenye mtazamo wa kuvuka nafsi, yaani zile zinazokubali kwamba ndoto, sala, huzuni na hisi ya ndani ya mtafiti ni sehemu ya data, almradi viandikwe na kuchunguzwa kwa uwazi. Tasnifu yangu inahusu wajane wa Kichagga wanaoishi kando ya makaburi ya waume zao ndani ya kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba linaloizunguka nyumba, nami nilimzika baba yangu kihambani miaka minne iliyopita. Kwa hiyo sikwenda pale kama mtazamaji.

Siku ya kwanza ilikuwa ya historia, ikapita haraka: jarida la saikolojia ya kuvuka nafsi lililoanzishwa Marekani mwaka 1969, kisha kazi ya wanasaikolojia William Braud na Rosemarie Anderson, waliozikusanya mbinu hizi katika kitabu cha mwaka 1998.

Siku ya pili ndiyo iliyostahili nauli yangu. Mwezeshaji alitupitisha katika mizunguko mitano ya Anderson, yaani hatua tano anazopitia mtafiti katika mbinu yake, ambamo mzunguko wa pili humtaka mtafiti aandike anayoyaamini tayari kuhusu mada yake, ili katika mzunguko wa nne ayarudie na kuonyesha yapi yamebadilika. Niliandika kwamba kaburi lililo karibu humzidishia mjane majonzi. Niliposoma upya mahojiano yangu matatu ya awali, sikuona hata mama mmoja aliyesema hivyo. Mmoja alieleza kwamba kila asubuhi, akienda kukata majani ya ng'ombe, humsalimu mumewe kabla ya kumsalimu jirani. Imani ile ilikuwa yangu, imetoka katika msiba wangu, nami nilikuwa nimeipenyeza katika maswali bila kujua.

Kasoro kubwa ni kwamba maadili yalipewa saa moja tu, jioni ya mwisho. Hatukufundishwa la kufanya mfiwa anapoanza kulia, wala namna ya kuomba ridhaa ya ukoo, ambao una sauti juu ya kihamba na waliolala humo. Niliuliza, nikajibiwa kwamba muda umekwisha. Kwa mbinu inayogusa mambo ya ndani kiasi hiki, hilo halikubaliki.

Ada ilikuwa shilingi 150,000 pamoja na chakula cha mchana. Anayekusudia kwenda achukue mahojiano yake mwenyewe, hata mawili, kwani bila hayo mazoezi ya siku ya pili hayatamfaa.