Python au lugha ndogo ya pekee: kanuni za randomiza ziandikwe wapi?

Randomiza ni programu inayochanganya vitu vya mchezo wa video: silaha uliyozoea kuipata mapema huenda ikafichwa mwishoni. Ili mchezaji asikwame, programu lazima ijue kila mahali panahitaji nini ili pafikiwe; hizo ndizo kanuni.

Archipelago, randomiza inayounganisha michezo mingi katika mchezo mmoja wa pamoja, huandika kanuni kwa Python, lugha ya programu ya matumizi yote. Kila kanuni ni funsheni ndogo inayouliza: je, mchezaji ana kitu hiki? Nguvu ipo tele. Unaweza kuhesabu, kurudia, kuita chochote. Lakini mtego nao upo: ukitengeneza lambda (funsheni fupi isiyo na jina) ndani ya kitanzi, zote hushika thamani ya mwisho ya kigeu, na kanuni kumi huuliza swali lile lile bila kosa lolote kuonyeshwa. Hitilafu ya namna hii hula usiku mzima.

Randomiza ya mchezo wa Ori and the Will of the Wisps ilichagua kuwa na lugha yake ndogo. Faili la maeneo husomeka hivi:

moki: DoubleJump OR Dash

Yaani, uwe na uwezo wa DoubleJump au wa Dash. Moki ni kiwango chepesi kabisa cha ugumu. Gorlek na kii ni vya juu zaidi. Mchezaji hodari asiyejua programu anaweza kuisoma na kuirekebisha, na hao ndio wanaozijua njia za siri. Gharama yake ni kichanganuzi, programu ya kusoma lugha hiyo, ambacho lazima kitunzwe, na kila sintaksia mpya huongeza kazi.

Kwa mchezo mmoja wenye njia nyingi, mimi nachagua lugha ndogo. Kwa michezo mingi, Python.