Usukani wa Gari la Rimoti la Zamani: Ununue Nini Kwanza

Grasshopper na Hornet, magari ya rimoti ya kampuni ya Tamiya ya Japani, zilitoka mwaka 1984, Lunch Box ikafuata 1987, na nyingi bado zinatimua vumbi. Mota zake zinapatikana, bodi mpya zinauzwa, gia si tatizo. Kinachomkera mwenye gari ni usukani. Rimoti umeshainyoosha lakini gari linavuta upande. Ukikata kulia linaitika, ukikata kushoto linazubaa. Hapo ndipo watu hukimbilia ile seti ya vipuri vya usukani vya alumini ya buluu inayong'aa kwenye picha.

Mimi ningeiweka mwisho kabisa. Gari likigonga ukuta, lazima kitu fulani kishindwe. Bora uchague mapema kiwe kipi: kipuri cha bei ndogo, au chesisi ya awali iliyodumu miaka arobaini.

Kabla ya kutoa hela, washa rimoti na gari, usukani uwe katikati. Shika gurudumu moja la mbele ulitikise kushoto na kulia huku macho yakifuata njia nzima, kuanzia servo, yaani mota ndogo inayogeuza usukani, hadi gurudumuni. Mkono wa servo ukitulia huku ncha ya tairodi (fimbo inayosukuma gurudumu likate kona) ikicheza, vikombe vya plastiki vya ncha hiyo vimelika. Mkono wenyewe ukiyumba na usirudi sawasawa, angalia kinga ya servo, nitakayoieleza hapa chini. Gurudumu likicheza juu na chini, hilo ni suala la beringi au bushi, usukani hauna kosa. Mara nyingi plei, yaani ulegevu, unayoiona ni ya vipande vitatu au vinne vikijumlika, ndiyo maana mtu hubadilisha kimoja cha bei kali na bado gari linayumba vilevile.

Nafasi ya kwanza naipa kinga ya servo, na sioni mshindani. Ni kile kipande chenye springi kinachokaa kwenye shina la servo. Gurudumu likigonga jiwe, kinafunguka kidogo na gia za servo zinapona. Zile za plastiki tupu zilizokuja na magari haya ni laini tangu zikiwa mpya, na zikizeeka zinafunguka hata pasipo jiwe. Weka gari sakafuni likiwa limesimama, geuza usukani: servo inazunguka, magurudumu yanachelewa au hayafiki mwisho. Hapo hata ufunge servo ya nguvu kiasi gani, nguvu yote inaishia kwenye plastiki.

Chaguo langu ni ya Tamiya wenyewe, namba 51000. Ina pete za springi za chuma, inabana vizuri, na ndani ya pakiti kuna viunganishi vya servo za aina mbalimbali. Ubaya wake ni umbo: ni nene, na kwenye chesisi finyu inaweza kugusa ukuta au kifuniko, kwa hiyo pima nafasi kwanza. Ikigoma, tafuta Kimbrough ya Marekani. Hizo zina ukubwa tofauti, ila lazima ununue kwa idadi ya meno ya shina la servo yako: Futaba na Savox 25, Hitec 24, Sanwa, JR na KO 23. Kwa macho, 24 na 25 hutaona tofauti. Ukilazimisha, skrubu itakaza vizuri tu, lakini meno ya plastiki yatakuwa yameshanyolewa, na utayagundua kwenye kona ya kwanza.

Ya pili ni servo yenyewe. Magari haya yanachukua servo ya saizi ya kawaida, urefu kama milimita 40 na upana 20, hivyo uwanja wa kuchagua ni mpana. Futaba S3003, ambayo wengi wameizoea, ina nguvu ya kuzungusha ya kilo 3.2 kwenye mkono wa sentimita moja kwa volti 4.8, na kama kilo 4.1 kwenye volti 6. Kwa Grasshopper yenye matairi membamba ya mbele, hiyo inatosha ikiwa bado nzima. Lunch Box ina matairi makubwa, mpe yenye kilo 6 hadi 9 na gia za chuma. Kuzidisha hapo ni kujionyesha.

Tena servo yenye nguvu hula umeme. Kama gari lako lina kidhibiti mwendo cha zamani, servo kubwa ikikwama kwenye kona inaweza kuvuta volti chini hadi risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) izime na kuwaka tena, na kwa sekunde hiyo gari halikusikii. Soma kidhibiti chako kinatoa ampea ngapi kwa risiva kabla ya kulipia servo. Na ukishaifunga, punguza kikomo cha mzunguko wa servo kwenye rimoti kama rimoti yako inaruhusu. Servo inayonguruma usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho inasukuma kitu kisichosogea, nayo inajichoma polepole.

Clod Buster ya Tamiya, ya 1987, ina mambo yake. Lile ni dude lenye mota mbili na magurudumu manne yanayokata kona, na kiwandani lilipewa servo moja katikati ya chesisi, isukume fimbo ndefu mbele na nyuma. Kwa matairi yale, ni kumwonea mnyama. Hapa ndipo ningesema ruka foleni: nunua vishikio vya kuweka servo juu ya ekseli, moja mbele na moja nyuma, zenye kilo 15 kwenda juu. Utalijua gari upya.

Nafasi ya tatu ni tairodi na ncha zake. Ncha mpya za plastiki ni za bei ya soda na huondoa plei kuliko unavyodhania. Ukitaka kuongeza, chukua tairodi za chuma zenye meno ya skrubu ya kulia upande mmoja na ya kushoto upande wa pili. Unafanya alaimenti kwa spana bila kuzing'oa. Titani ni nzuri na nyepesi, lakini kwa gari la kufurahia Jumapili sioni sababu. Jihadhari na vipimo: Tamiya hutumia skrubu za milimita 3, wakati gari la RC10 la kampuni ya Team Associated, ya 1984 pia, ilijengwa kwa inchi, saizi 4-40. Kipenyo chake ni kama milimita 2.8, kwa hiyo ukivishika mkononi unaona ni kimoja. Ukichanganya, ama kinalegea, ama kinakata meno mapya ndani ya plastiki.

Beringi zinashika nafasi ya nne, nazo hazina maneno mengi. Kwenye magurudumu ya mbele ya Tamiya nyingi za zamani zinaingia za 11 kwa 5 kwa 4, wauzaji huziita 1150, badala ya bushi za plastiki. Zenye kinga ya mpira ndizo za kuchezea kwenye vumbi.

Sasa alumini. Vibebeo vya magurudumu, vile vipande vinavyoshika gurudumu la mbele na kugeuka nalo, vikiwa vya alumini haviliki haraka na vinapendeza, hilo sibishi. Lakini plastiki hupinda kidogo ikigongwa, alumini haipindi, hivyo pigo linahamia kwenye mkono wa mbele au kwenye chesisi. Hornet ilirudishwa sokoni 2004 na Grasshopper 2005, na vipuri vingi vya matoleo hayo vinaingia kwenye ya awali, kwa hiyo kibebeo kipya cha plastiki si adimu. Chesisi ya awali isiyo na ufa ndiyo adimu. Mahali ninapokubali alumini ni kwenye ile mikono ya kati inayozunguka juu ya nguzo, kwa magari yaliyo nayo, hasa ikija na beringi zake. Hapo haipokei kishindo moja kwa moja na plei inapungua kweli.

Ukiagiza kutoka nje, weka kinga ya servo, ncha za tairodi na beringi kwenye oda moja, maana posta peke yake inaweza kuzidi bei ya kinga. Servo inaweza kusubiri hadi uone hiyo ya zamani inafanyaje kazi ikiwa na kinga mpya.