Holding: mifupa shambani na sajini mpenda kula

Kitabu hiki nilikifungua saa tatu usiku nionje kurasa mbili tatu. Saa nane bado niko macho, chai imeshapoa.

Riwaya hii ya mwaka 2016 ya Graham Norton, yule mchekeshaji na mtangazaji wa televisheni, inatupeleka Duneen, kijiji cha kubuni huko Cork, Ireland. Mafundi wanachimba shamba la zamani la akina Burke, mara wanaibua mifupa ya mtu. Minong'ono inaanza: si yule Tommy Burke aliyetoweka miaka ile, akawaacha Brid na Evelyn na donda la mapenzi?

Aliyenishika hasa ni Sajini PJ Collins. Mnene, mpweke, jasho haliishi, na maishani hajawahi kushika kesi ya maana. Mkubwa anatumwa kutoka mjini Cork, anamtazama kwa dharau, naye PJ anajikaza tu. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia.

Fumbo lenyewe? La wastani, na mwanzo unajivuta. Anayetaka damu na kukimbizana atasinzia. Mimi umbea wa kijiji ulinitosha, ingawa sikutegemea kitabu cha kuchekesha kiwe na majonzi kiasi kile. Sura za Brid na chupa yake nilizisoma polepole.