TAHADHARI: Nimeuziwa klokispringi yangu mwenyewe (kile kisahani cha nyaya nyuma ya usukani), hapa hapa Nakuru

Nimekaa na hii aibu siku nne. Mke wangu ameniambia ninyamaze, watu watanicheka. Wacha wacheke. Kuna jamaa hapa mjini anauza spea za eksi Japani (zilizotumika, za kutoka Japani), ana kaunta safi, ana kalenda ya kanisa ukutani, na amenilia 9,500 mchana kweupe huku nikimwambia asante. Asante! Na nikampa kijana wake 200 ya soda juu yake.

Gari yenyewe ni pikapu yangu, na nilivyoipata sianzii huko. Tangu ilipofanyiwa kazi ya steringi reki (kile chuma cha chini kinachogeuza magurudumu) haikuwa sawa. Yule fundi wa kwanza (nilionywa, nakubali) alichomoa shafti bila kuufunga usukani, ukawa unazunguka huru kama feni. Wiki moja baadaye ile taa nyekundu ya eabegi (mfuko unaofura kukukinga ukigongana), ya kimtu kilichoketi na mpira kifuani, ikawaka ikakataa kuzima. Vidude vya redio kwenye usukani vikafa. Mwisho ikawa honi.

Honi ndiyo ilinitoa jasho. Nilikuwa natoka Molo na viazi, nateremka Sachang'wan kuelekea Salgaa, trela mbele, trela nyuma. Bodaboda akachomoka kando ya barabara na abiria wawili. Nikabonyeza honi. Kimya. Nikatoa kichwa dirishani nikapiga kelele kama makanga. Alinisikia, Mungu mkubwa, lakini nilifika Ngata miguu bado inatetemeka.

Fundi wangu wa Free Area akafungua usukani akaniambia klokispringi imekwenda. Kwa wasioijua: ni kisahani cha plastiki nyuma ya usukani, na ndani kuna utepe bapa wa nyaya uliojiviringa kama tepu ya fundi cherehani. Ukikata kona utepe unajikunja, ukirudi unajikunjua, na ndivyo umeme unavyofika kwenye honi, kwenye vidude vya redio na kwenye eabegi bila nyaya kusokotana. Ukizungushwa kupita kiasi unakatika. Ndiyo zawadi niliyoachiwa na fundi wa reki.

Sasa shikeni hili, maana ndilo lililomkamata mwizi. Fundi alitaka kuweka alama ya katikati na hakuwa na kalamu ya rangi. Akaomba rangi ya kucha ya mke wangu, ile nyekundu iliyokaa kwenye droo ya gari tangu harusi ya shemeji. Akatia tone moja pembeni ya kisahani, akarudisha usukani, akasema anaenda matangani Kakamega wiki mbili, nimngojee. Sikungojea. Viazi havingojei, na bila honi ile barabara siipandi tena.

Nikaenda kwa huyu jamaa. Mtaniuliza kwa nini nilimwamini. Kwanza, hakunishika mkononi barabarani kama wale madalali, nilimkuta ameketi kwake anasoma gazeti. Pili, alimjua marehemu mzee wangu, akataja hata mahali alipokuwa akipaki lori lake. Mtu akimtaja babako vizuri, mkono wenyewe unaingia mfukoni. Tatu, hakuwa na haraka na pesa. Alitoa kitu kwenye karatasi ya nailoni yenye maandishi ya Kijapani, akakiweka kwenye kiganja changu akasema, "Shika mwenyewe mzee wangu, sikia uzito." Nikakishika. Safi, kina plagi ya njano, kina kile kipini cha plastiki cha kukifungia katikati kisizunguke. Nikakigeuza geuza kama mtu anayejua anachotazama.

"Hii ya duka kubwa utaiagiza Nairobi, ungoje, ulipe mara tatu," akasema. "Mimi nakufanyia 9,500, na kijana wangu anakufungia bure."

Bure. Hapo ndipo ningesimama nikarudi nyumbani.

Kijana akachukua kile cha nailoni, akaingia nacho kwenye gari. Mzee wa kaunta akanishika bega akasema jua ni kali, nivuke barabara ninywe chai, yeye ndiye atalipa. Akampigia mama wa hoteli kelele kabisa: "Mpe mgeni wangu chai na mandazi mawili!" Nikaenda. Nikanywa. Niliketi nimeipa gari yangu mgongo, natazama televisheni. Hicho ndicho kinanichoma usiku, yale mandazi. Mtu anaibiwa huku anatafuna.

Nusu saa haikuisha, kijana akaja kuniita. Nikawasha ufunguo. Taa ya kimtu ikawaka sekunde chache, ikazima yenyewe kama inavyotakiwa. Nikabonyeza honi, ikalia hadi kuku wakakimbia. Nikacheka kama mtoto. Vidude vya redio ndivyo vilikuwa bado vimekufa, nikauliza. Akajibu bila kupepesa jicho: "Hivyo vinasoma kompyuta polepole. Endesha siku mbili tatu, vitaamka." Nami mtu mzima, mwenye watoto sekondari, nikaitikia kwa kichwa.

Kulipa sasa. Ukutani kuna namba ya biashara ya M-Pesa. Akasema hiyo ina shida leo, nitume kwa simu hii nyingine. Jina lililotokea kabla ya kuthibitisha lilikuwa la mwanamke. "Ni la mama watoto." Sawa, hata mimi pesa zangu zote ziko kwa mama watoto. Nikathibitisha. Nikaomba kitu cha zamani nikamwonyeshe fundi wangu, akasema watu wa vyuma chakavu wameshakibeba. Risiti? Kitabu kimeisha, nipite Ijumaa.

Siku tisa. Siku tisa nimeendesha hiyo gari. Jumapili nilibeba mke wangu na kitinda mimba hadi Njoro na kurudi, moyo mtulivu, kwa sababu taa imezima.

Siku ya tisa nageuza gari ndani ya soko la Wakulima, nimekata usukani hadi mwisho, nikasikia krrr chini ya mikono. Honi kwisha. Bahati nzuri fundi alikuwa amerudi jana yake.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchomoa waya wa hasi wa betri, akatuambia tukae. Nikamuuliza tunangoja nini. Akasema eabegi inabaki na chaji hata betri ikitoka, Toyota wenyewe wanataka ungoje angalau sekunde 90 kabla ya kugusa hizo plagi za njano, na yeye hungoja zaidi kwa sababu uso wake ni mmoja tu. Hapo hapo tumbo likaniuma. Nilipotoka kunywa chai ile siku, saa ya redio ilikuwa inasoma sawasawa. Kwa gari hii betri ikichomolewa saa inarudi mwanzo. Kwa hivyo yule kijana hakugusa betri hata kidogo. Aliingiza mikono mbele ya kitu kinacholipuka bila kuchomoa umeme, na mimi niko ng'ambo na mandazi.

Fundi akatoa eabegi, akatoa usukani. Akanyamaza. Kisha akaniita kwa sauti ya chini, ile ya kuita mtu aje kutambua maiti. "Mzee, njoo uone."

Pembeni ya kisahani, tone jekundu. Rangi ya kucha ya mke wangu.

Sikuelewa mara moja. Nilidhani labda na hizi za Japani huwekwa alama nyekundu. Fundi akafungua kifuniko. Utepe ulikuwa umekatika, ukaungwa kwa risasi ya kulehemu na kipande cha seloteipu, seloteipu ya kufungia zawadi, na kiungo kimekatika tena. Waliunga nyaya za honi tu. Za redio hawakujisumbua, ndiyo maana "zinasoma kompyuta". Kile kipya nilichokipima uzito hakikuwahi kufungwa. Kilizunguka kwenye gari kikarudi kwenye nailoni yake, kingoje mjinga mwingine.

Na bado. Akapiga tochi chini ya usukani. Plagi ya njano inayopeleka umeme wa eabegi ilikuwa imechomolewa, imeviringishwa teipu nyeusi, na kwenye tundu zake wamechomeka rezista, kitu kidogo kama punje ya mchele. Kompyuta ya eabegi hupima ukinzani wa ile saketi, ambao kwa kawaida ni mdogo, kama omu mbili hivi. Ukiipa rezista ya kiasi hicho inaridhika, inadhani eabegi ipo, inazima taa. Hata mashine ya kusoma hitilafu za gari ingesema mambo ni sawa. Eabegi yangu ilikuwa pambo. Ningegongana na trela pale Salgaa, uso wangu ungekutana na usukani mtupu.

Wizi wa pesa naweza kusamehe. Nimeibiwa mbuzi, nimeibiwa simu, nimesamehe. Huyu aliizima taa iliyokuwa inaniambia ukweli. Afadhali angenirudisha barabarani na taa inawaka, ningejua niko na nini.

Nilimpigia. Alipokea mara moja tu: "Kaka, gari nyingi hupita hapa, labda ni fundi wako amekubadilishia." Fundi wangu aliyekuwa Kakamega anazika mjomba! Nikaenda dukani, kijana hayupo, "ameacha kazi". Mama wa hoteli akatazama chini. Namba niliyotumia pesa imezimwa. Nilijaribu kupeleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 kuomba pesa irudishwe, lakini baada ya siku tisa unarudisha nini? Ilishatolewa siku ile ile, nadhani kabla sijamaliza chai.

Sitaandika jina lake hapa. Binamu anayesomea sheria amenikataza, anasema nitageuka mimi mshtakiwa. Ameniambia pia kwamba kupata mali kwa uongo ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha sheria ya makosa ya jinai, kifungo hadi miaka 3. Mitatu! Mimi naona apewe gari bila breki, bila honi, bila eabegi, ateremke Sachang'wan usiku na mvua, halafu hiyo mitatu ianze kuhesabiwa akifika chini. Na kijana wake akae kiti cha abiria. Na afungiwe ile kalenda ya kanisa shingoni.

Haya, dalili ni zipi? Mimi si wa kufundisha mtu, mmeona. Lakini ukipelekwa kunywa chai, kataa chai, simama mlangoni pa gari hadi mwisho. Kama hawachomoi betri, ondoka. Kitu cha zamani kiingie mikononi mwako kabla pesa haijatoka, na tia alama zako, hata za rangi ya kucha, kwenye kile chako na kwenye kile kipya pia. Kitu kimoja kikibaki kimekufa, iwe redio, iwe nini, kazi haijaisha, hakuna cha kuamka kesho. Na taa kuzima si ushahidi, mtu ainame aone kama plagi ya njano imeshikana. Mengine nimeyasema huko juu katikati ya hasira, tafuteni.

Ya sasa tumeagiza Nairobi, imekuja na kipini chake, fundi ameizungusha taratibu hadi ikakaza, akairudisha mizunguko miwili na nusu hadi alama zikakutana, ndipo akafunga. Redio inaitika. Sijui kama nitawahi kuibonyeza hiyo honi bila kuwaza seloteipu.

Kile kisahani chenye tone jekundu kiko kwangu ndani ya mfuko, pamoja na ile rezista na ujumbe wa M-Pesa. Binamu anasema Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai ya hadi shilingi 1,000,000, na 9,500 yangu itaingia bila kuinama. Kama nawe ulifungiwa klokispringi mjini miezi hii, ukalishwa chai na mandazi mawili, chungulia chini ya usukani leo, si kesho. Ukikuta teipu nyeusi usiitoe, ipige picha kwanza, kisha niandikie. Tayari tuko wawili, wa pili ni mwenye Probox kutoka Bahati. Jumatatu asubuhi tunaenda kituo cha polisi.